Lahani Ilipohama Nyuzini Ikaingia Kooni

Kuna jaribio dogo ninalopenda kuwafanyia watu wanaosikiliza metali. Namwomba mtu apige mluzi wa wimbo wowote wa In Flames wa miaka ya 1990, ule wa kwanza kumjia kichwani. Atakachopiga ni gitaa. Kisha namwomba apige mluzi wa Killswitch Engage. Hapo atapiga kiitikio, yaani sauti ya mwimbaji. Bado sijapata jibu tofauti, na hata wale wanaoapa kwamba bendi hizi mbili zimenyonya ziwa moja hujikuta wamenaswa. Ziwa ni moja, sikatai. Lakini kati ya Gothenburg, mji wa In Flames nchini Sweden, na Massachusetts, jimbo la Killswitch Engage nchini Marekani, kuna kitu kilihama, na kuhama kwake ndiko kulikoipa metalikoo yenye lahani umaarufu wake, kisha kukaichosha.

Kwa asiyeufahamu mtindo huu, metalikoo yenye lahani (melodic metalcore) ni mkorogo wa vitu viwili. Cha kwanza ni metali ya kifo (death metal) ya Sweden, ile iliyokubali kuwa na nyimbo ndani yake na si ghadhabu tupu. Cha pili ni hadikoo (hardcore) ya Marekani, muziki wa vyumba vidogo na jasho jingi. Ubishi wa mashabiki kuhusu mkorogo huu haujabadilika kwa zaidi ya miaka ishirini: wapo wanaosema kuimba kwa sauti safi kumeuharibu, na wapo wanaosema kumeuokoa. Mimi naona pande zote mbili zinabishania moshi. Muhimu si kama mwimbaji anaimba au anapiga mayowe. Muhimu ni nani amebeba lahani, na aliyeutua mzigo huo anafanya kazi gani baada ya hapo.

Tuanze na gitaa lenyewe, maana siri yote imo kwenye ampu, yaani kikuza sauti cha gitaa. Gitaa lenye distosheni, yaani sauti iliyochafuliwa kwa makusudi, halipendi noti zilizokaribiana. Ampu inapolazimishwa kupita uwezo wake, noti mbili zinazolia pamoja huzaa noti nyingine ambazo hakuna aliyezipiga: jumla ya masafa yao (idadi ya mitetemo kwa sekunde), na tofauti ya masafa yao. Ukipiga noti ya kwanza na ya tano ya skeli, hao watoto wa ziada wanaangukia mahali pazuri na sauti inabaki imara. Ndiyo maana karibu metali yote imejengwa juu ya kodi hizo za noti mbili (kodi za muziki, si zile za serikali). Ukiongeza noti ya tatu ya skeli, sauti inageuka tope. Na noti ya tatu ndiyo inayoamua kama wimbo unacheka au unalia. Bila hiyo, gitaa zito lina nguvu lakini halina uso.

Dawa ilipatikana mapema. Bendi kama Wishbone Ash na Thin Lizzy, katika miaka ya 1970, ziliweka wapiga solo wawili wapige lahani moja kwa pamoja, mmoja chini, mwenzake juu kwa umbali wa noti ya tatu. Kila gitaa lina ampu yake, kwa hiyo kila ampu inapewa noti moja tu ya kuichafua. Tope haliwi tope tena. Iron Maiden waliuchukua ufundi huo wakaufanya nembo yao, na Judas Priest nao wakajenga jina kwa magitaa mawili yanayosemezana. Katika kazi hii kidole kimoja kweli hakivunji chawa: ukimwondoa mpigaji mmoja, lahani inabaki, lakini huzuni yake inaondoka.

Sasa chukua ufundi huo uupeleke kwenye metali ya kifo. Mwaka 1993 Carcass wa Liverpool, bendi iliyokuwa imejulikana kwa uchafu wa kila aina, walitoa albamu ya Heartwork. Bill Steer na Michael Amott walikuwa wanapiga magitaa yaliyosafishwa, yenye solo za kuimbika, juu ya sauti ya koo iliyokwaruzwa isiyokuwa na noti hata moja. Huo ndio uamuzi mkubwa. Mwimbaji wa namna hiyo ni sehemu ya ngoma: ana mdundo, ana matamshi, ana hasira, lakini lahani hana. Kwa hiyo gitaa halina jinsi. Linalazimika kuimba.

Wakati huo Sweden tayari ilikuwa na sauti yake. Stockholm, katika studio ya Sunlight chini ya Tomas Skogsberg, Entombed na Dismember walikuwa wamepata mvumo kama wa msumeno kwa kuzungusha hadi mwisho vifundo vya Boss HM-2, pedali ya kuchafua sauti ya gitaa. Mvumo ule ni mtamu, mimi naupenda, lakini unameza noti. Huwezi kufuma lahani mbili ndani ya msumeno. Vijana wa Gothenburg walitaka kitu kingine. Walitaka kila noti isikike, kwa hiyo wakaegemea sauti iliyobana zaidi, na wengi wao wakaishia mlango mmoja: Studio Fredman ya Fredrik Nordström. Hapo zilirekodiwa The Gallery ya Dark Tranquillity na Slaughter of the Soul ya At the Gates, zote za mwaka 1995, na The Jester Race ya In Flames iliyofuata mwanzoni mwa 1996. Albamu tatu, studio moja, miezi michache. Hata waimbaji walikuwa wa kupokezana. Anders Fridén aliimba kwenye albamu ya kwanza ya Dark Tranquillity na Mikael Stanne akaimba kwenye ya kwanza ya In Flames, kisha kila mmoja akawa nguzo ya bendi ya mwenzake.

Watu huzizungumzia albamu hizo kama mapacha watatu. Si kweli, na tofauti zao zina maana kwa yaliyokuja baadaye. Dark Tranquillity walikuwa wafumaji: rifu (kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia) juu ya rifu, kila moja na njia yake, mpaka sikio lichoke kwa kupendeza. In Flames walikuwa watunzi wa nyimbo: Jesper Strömblad alipenda lahani fupi zenye harufu ya nyimbo za asili za Sweden, anazirudia mpaka zinakaa. At the Gates ndio walioelekea kinyume. Walipunguza. Slaughter of the Soul haizidi sana dakika 34, rifu zake zinakatwa kama kuni, na Adrian Erlandsson anapiga ngoma kwa pigo la mbio ambalo mtu wa hadikoo analitambua bila kutambulishwa. Kasi, ufupi, hasira iliyonyooka. Ile ilikuwa albamu ya metali ambayo mtu wa hadikoo angeweza kuielewa. Bendi ilivunjika mwaka uliofuata, na pengine kuvunjika kuliisaidia: iliacha mchoro mmoja safi, bila albamu iliyofuata ya kuuchafua kwa karibu miaka ishirini.

Hadikoo yenyewe ilileta nini mezani? Ilileta mwili. Tangu New York ya miaka ya 1980, ya Agnostic Front na Cro-Mags, wimbo wa hadikoo ulikuwa na sehemu iliyotengwa kwa ajili ya watu walio mbele ya jukwaa. Mwendo unashuka ghafla kama nusu, nyuzi zinazimwa kwa ukingo wa kiganja, gitaa na ngoma ya mguu vinagonga pamoja pigo kwa pigo, na chumba kizima kinageuka. Mashabiki huiita brekidauni. Kimuziki ni kitu maskini, mara nyingi noti moja tu, waya wa chini ukiwa wazi. Lakini umaskini huo ndio nguvu yake: lahani inapoondolewa, kinachobaki ni muda wenyewe, na mwili unajua la kufanya na muda.

Ukiviweka vitu hivi viwili pamoja unapata tatizo zuri sana. Rifu ya Gothenburg inataka kusonga mbele bila kusimama, maana lahani ni sentensi na sentensi inataka nukta yake. Brekidauni inataka kila kitu kisimame. Bendi bora za mtindo huu ndizo zilizojua kushona mahali pale pa kugongana, kwa mfano kuanza brekidauni huku gitaa la pili likiendelea na lahani kwa juu, ili mwili usimame lakini sikio liendelee kutembea. Unearth wa Massachusetts, kwenye The Oncoming Storm ya 2004, ni mafundi wa jambo hilo. Sikiliza jinsi magitaa yao yanavyoachana na kukutana tena.

Wapo waliokwenda hadi kisimani. Darkest Hour wa Washington, D.C. walivuka bahari wakarekodi albamu yao ya 2003, Hidden Hands of a Sadist Nation, hukohuko Gothenburg kwa Nordström, na Tomas Lindberg wa At the Gates akaingia kuimba nao. Lindberg alifariki Septemba 2025, na waliomlilia upande wa hadikoo hawakuwa wachache. Nilipoona salamu zile sikushangaa. Koo lile, lililokuwa kama la mtu anayeungua, lilikuwa daraja.

Lakini historia ya mtindo huu haikuandikwa na Darkest Hour. Iliandikwa na kundi dogo la watu magharibi mwa Massachusetts waliokuwa wakibadilishana bendi kama watu wanavyobadilishana viti. Overcast na Aftershock, bendi za miaka ya 1990, zilipovunjika, mpiga besi wa ile ya kwanza, Mike D'Antonio, aliungana na Adam Dutkiewicz na Joel Stroetzel wa ile ya pili kuunda Killswitch Engage mwaka 1999. Brian Fair, aliyekuwa mwimbaji wa Overcast, akaenda Shadows Fall. Phil Labonte, aliyemtangulia kwenye kipaza sauti cha Shadows Fall, akawa na All That Remains. Na Dutkiewicz, aliyesomea Berklee jijini Boston, hakuwa mpigaji tu. Alikuwa prodyuza. Kwa hiyo alirekodi bendi yake, akawarekodi Unearth, akawarekodi All That Remains, na mwaka 2005 hata Parkway Drive wa Byron Bay, Australia, walimfuata awatengenezee albamu yao ya kwanza. Mtindo unapokuwa na sikio moja linalouchuja, unapata umbo haraka. Pia unapata ukomo haraka, ila hilo halionekani mwanzoni.

Mwaka wa kugeuka ni 2002. Mei mwaka huo Killswitch Engage walitoa Alive or Just Breathing. Jesse Leach anapiga mayowe kwenye beti, kisha kiitikio kinafunguka na anaimba, anaimba hasa, kwa sauti pana ya kifuani. Ufundi wa kupokezana mayowe na kuimba haukuwa mpya, Fear Factory wa Los Angeles walikuwa nao tangu 1992. Kipya kilikuwa mahali ulipowekwa: kiitikio sasa kilikuwa kilele cha wimbo, na beti zote na rifu zote zilikuwa ngazi za kukifikia. Miezi minne baadaye, Septemba, In Flames nao wakatoa Reroute to Remain. Ilikuwa albamu yao ya kwanza kurekodiwa nje ya Fredman, na humo Fridén anaimba viitikio kuliko alivyowahi kufanya. Hapo ndipo hadithi ya kwamba Wamarekani waliilainisha kazi ya Wasweden inaponishinda kuamini. Pande zote mbili za bahari ziliamua jambo lilelile ndani ya mwaka mmoja.

Kwa nini? Mauzo, watasema wenye hasira, na hawajakosea kabisa. Binadamu hukumbuka sauti ya binadamu kuliko waya. Leach aliondoka mwaka huohuo, Howard Jones akachukua nafasi kwa koo pana zaidi, na The End of Heartache ya 2004 ikafikia hadhi ya dhahabu Marekani, na wimbo uliobeba jina la albamu ukateuliwa kuwania Grammy. Jukwaa la pili la tamasha la Ozzfest la 2004 lilikuwa na Unearth, Atreyu na Darkest Hour, watu ambao miaka michache kabla walikuwa wanapigia kumbi za watu mia.

Lakini kuna sababu ya ndani zaidi, na inaturudisha kwenye ampu. Kumbuka ile noti ya tatu, inayoamua kicheko na kilio. Mwimbaji anapoimba juu ya kodi za noti mbili, noti ya tatu anaileta yeye, kwa koo lake, bila tope. Kazi iliyohitaji magitaa mawili na miaka ya mazoezi sasa inafanywa na mtu mmoja mwenye kipaza sauti. Ni suluhisho safi, la kifahari hata. Kwa wimbo mmoja, kwa albamu moja, ni furaha tupu: kwenye Alive or Just Breathing magitaa bado yanaimba kwenye beti, kwa hiyo sauti inapoingia unapata lahani mbili za asili tofauti, moja ya chuma na moja ya nyama. Sioni aibu kusema hiyo ndiyo albamu bora ya mtindo mzima, na wanaoidharau kwa sababu ya kuimba kwake hawajasikiliza kinachoendelea chini ya kuimba.

Tatizo lilianza kwa waliofuata. Walisikia kiitikio, hawakusikia chini yake. Gitaa lililovuliwa kazi ya kuimba lilirudi kwenye kazi nyepesi kuliko zote, kugonga waya wa chini. Kufika mwisho wa muongo ule, ungeweza kuuchora wimbo wa metalikoo kabla hujausikia: rifu ya Gothenburg ya sekunde kumi kama kitambulisho cha mlangoni, beti ya mayowe, kiitikio cha sauti safi na kodi zilizonyooka, beti, kiitikio, brekidauni, kiitikio cha mwisho kikiwa kimepandishwa. Rifu ya mwanzo ilikuwa pambo. Ukiiondoa, wimbo haupotezi kitu. Hicho ndicho kipimo changu cha kujua kama mchanganyiko bado ni mchanganyiko: toa sehemu moja uone kama nyingine zinayumba.

Bendi mbili zilijaribu njia ya kinyume, na nazikumbuka kwa sababu zinathibitisha hoja bila kukusudia. Avenged Sevenfold mwaka 2005, kwenye City of Evil, waliyaacha mayowe wakabaki na kuimba. Trivium wa Florida wakafanya vivyo hivyo mwaka uliofuata kwenye The Crusade, baada ya Ascendancy kuwapa heshima kubwa. Wa kwanza walikua, wa pili walitukanwa. Kelele zote zilikuwa juu ya koo, kana kwamba koo ndilo lililobadilika peke yake. Sikiliza magitaa: Avenged Sevenfold waliyaacha magitaa yao mawili yaendelee kuimba pamoja, karibu kwa mtindo wa Iron Maiden, na walipoyatoa mayowe walikuwa wamebaki na lahani za kutosha kujaza nafasi. Trivium, kwa maoni yangu, walikuwa wamejaza nafasi hiyo kwa rifu za thrashi, metali ya kasi, zilizokuwa na mwendo bila wimbo. Bahati nzuri waligundua. Baadaye walirudi kwenye mayowe, na magitaa yakarudi kuongea.

Na wapo ambao hawakuhama kabisa. Heaven Shall Burn wa Ujerumani wamejenga kazi ndefu juu ya mayowe na gitaa linaloomboleza. August Burns Red wa Pennsylvania wanakuacha na magitaa yanayofanya karibu kila kitu, na kuimba kwa sauti safi kwao ni mgeni wa nadra. Hawajawahi kuwa maarufu kama wenzao wa viitikio. Lakini albamu zao hazizeeki kwa namna ileile, na nadhani ni kwa sababu lahani yao haiko mahali pamoja pa kutabirika. Inaweza kuzuka popote, hata katikati ya brekidauni.

Kizazi kilichofuata kiliona gitaa limenyamaza, kikatafuta mwingine wa kuimba. Bring Me the Horizon wa Sheffield walimpata kwenye kinanda: Sempiternal ya 2013 imejaa tabaka za sauti za kielektroniki alizozileta Jordan Fish, na gitaa humo lina kazi ya ukuta, kuzuia upepo. Sina ugomvi na albamu hiyo, ni nzuri. Ila kuiita metalikoo yenye lahani ni kuipa nyumba jina la mwenyeji aliyehama. Lahani ipo, metali ipo, hadikoo ipo kidogo, lakini uzi uliokuwa unazifunga, yaani magitaa mawili yanayogawana noti ambazo ampu moja isingeweza kuzibeba, umekatika.

Kuna namna ya kulisikia hili bila nadharia yoyote. Vaa spika za masikioni, weka The Jester Race, subiri magitaa mawili yaanze kupanda pamoja, kisha chomoa upande mmoja. Kwenye albamu za namna ile gitaa moja mara nyingi huwekwa kushoto na jingine kulia, kwa hiyo nusu ya wimbo inaondoka mkononi mwako na iliyobaki inasikika kama mtu anayezungumza na kiti kitupu. Fanya vivyo hivyo na albamu yoyote ya kiitikio kikubwa ya miaka kumi baadaye. Sauti ya mwimbaji iko katikati, masikio yote mawili. Utachomoa, na hutapungukiwa kitu.